Milimita za Kiuno cha Mtu wa Uchindile

Treni ya TAZARA ikiondoka Ifakara kwenda juu hupita Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba juu ya ardhi iliyo bapa kama sakafu. Upande mmoja milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta, upande wa pili mashamba ya mpunga yanateremka hadi kwenye majani marefu ya mto Kilombero. Baada ya Mlimba injini hubadili sauti. Bonde, ambalo liko kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, linaachwa nyuma, na reli inaanza kupanda kuelekea Makambako, zaidi ya mita 1,600. Ni kipande cha mahandaki, madaraja marefu na kona zinazokufanya ulione behewa la mwisho la treni yako mwenyewe. Uchindile ipo huko, kwenye mpando.

Reli ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na katika urefu wake wote wa kilomita 1,860 hakuna sehemu iliyowatoa jasho wajenzi, Watanzania na Wachina, kama hii. Walichimba, walibeba, walisukuma. Na kubeba hakukwisha reli ilipokwisha. Uchindile ya leo ni nchi ya misonobari na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, ya magogo na mbao, ya mahindi yanayoteremshwa stesheni kwenye magunia yaliyofungwa lumbesa hadi yanapita kilo mia. Mtu anainama, anashika masikio ya gunia, wenzake wawili wanamtwika, naye anasimama nalo. Uzito ule unashuka kupitia shingo na kifua hadi unapofika kiunoni, na hapo unakutana na pingili tano za uti wa mgongo.

Historia hii ni ya pingili hizo tano, na ya namna binadamu alivyojifunza kuzipima bila kumchana mtu. Nimeianzia Uchindile kwa sababu mtu wa Uchindile ndiye anayehitaji zaidi kujua jibu. Kiuno kikimkata kwa wiki tatu, akashindwa kuinua jembe, anashuka na treni hadi Ifakara. Huko anapigwa picha ya eksirei, picha inabandikwa kwenye kisanduku cha taa, na daktari anaitazama kimya, kisha anasema mojawapo ya mambo mawili: pingili hii imebonyea, au, mzee, mifupa yako iko kawaida. Neno hilo la pili, kawaida, ndilo lililonishika. Mfupa wa mtu unaitwa wa kawaida kwa kulinganishwa na mifupa ya akina nani? Nani aliipima, wapi, na kwa rula gani?

Kabla ya eksirei, Afrika Mashariki ilikuwa na vipimo vingi vya mzigo lakini haikuwa na kipimo cha mgongo. Msafara wa pwani ulihesabu kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, pamoja na chakula chake na mkeka wake, miezi kwa miezi, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Vita Kuu ya Kwanza iligeuza kazi hiyo kuwa janga. Majeshi ya Uingereza na washirika wake yaliwachukua wapagazi kwa mamia ya maelfu, na jeshi la wapagazi, Carrier Corps, likaacha jina lake kinywani mwa Waswahili: Kariakoo. Bonde la Kilombero halikuepuka. Mwaka 1917 vita vilizunguka Mahenge, ng'ambo ya mto, na mwezi wa Oktoba Wabelgiji wakaiteka. Risasi na unga wa majeshi hayo vilivuka mto na kupanda milima juu ya vichwa na mabega ya watu. Walikufa wengi mno kwa homa, kuhara na njaa. Waliorudi walirudi na migongo yao, na katika lugha yetu kulikuwa na neno zito la kuelezea mgongo ulioharibika kabisa: kibiongo. Kilichokuwa ndani ya kibiongo hakuna aliyekiona.

Mlango ulifunguliwa Ulaya. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen aliona kipande cha karatasi kilichopakwa dawa kikimeremeta gizani ingawa chombo chake cha umeme kilikuwa kimefunikwa. Siku chache kabla ya Krismasi alimwomba mkewe aweke mkono juu ya bamba la picha. Ikaonekana mifupa ya vidole na pete juu ya kimoja. Hakujua mionzi ile ni nini, akaipa herufi ya kitu kisichojulikana, X, nasi huku tukasema eksirei.

Afrika iliingia kwenye hadithi hii upesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1896, baada ya Waitaliano kushindwa na Wahabeshi huko Adwa, daktari wa kijeshi Giuseppe Alvaro aliwapiga picha mjini Naples askari waliorudishwa na majeraha. Miaka miwili baadaye, katika vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Uingereza, John Battersby, alipeleka mashine ya eksirei hadi Abadieh, kando ya mto Nile. Umeme hakuwa nao. Akafunga dinamo kwenye baiskeli, watu wakapiga pedali kwenye joto lile kali, na picha zikatoka. Siku zote nikiona baiskeli za Ifakara, mji ambao nusu ya maisha yake yanakwenda kwa baiskeli, huikumbuka ile ya Abadieh.

Lakini angalia walichokuwa wakikipiga picha: mikono, miguu, risasi iliyozama kwenye paja. Kiuno kilingoja. Sababu ni ya mwili wenyewe. Mkono ni mwembamba, mionzi inapita. Kiuno kina matumbo mbele, misuli minene nyuma, na katikati yake mifupa minene kuliko yote ya uti wa mgongo. Mionzi michache ikipita, picha inakuwa nyeupe tupu. Ukiongeza nguvu, mionzi inagonga nyama na kutawanyika kila upande, na picha inapata ukungu kama kioo cha gari asubuhi ya Mufindi. Mwaka 1913 vilikuja vitu viwili vilivyobadili mambo. Marekani, William Coolidge alitengeneza bomba la eksirei lenye nguvu inayoweza kurekebishwa. Ujerumani, Gustav Bucky akabuni wavu wa vipande vya metali ya risasi, unaowekwa kati ya mgonjwa na filamu ili kuzuia mionzi iliyotawanyika. Hollis Potter wa Chicago akaufanya wavu huo usogee wakati picha inapigwa, ili mistari yake isionekane. Hapo ndipo pingili za kiuno zilipojitokeza kwa mara ya kwanza zikiwa na kingo zinazoweza kuwekewa rula.

Na ni kingo gani hizo? Tazama filamu ya kiuno iliyopigwa mtu akiwa amelala chali. Unaona vibweta vitano vimepangana, kila kimoja kimebanwa kidogo katikati kama kinu. Hicho ndicho kiwiliwili cha pingili, sehemu inayobeba uzito. Kwa mtu mzima upana wake ni kama milimita 40 hadi 55, ukiongezeka kadiri unavyoshuka kutoka ya kwanza hadi ya tano. Kimo chake ni kama milimita 25 hadi 30. Ndani ya kila kibweta, juu kidogo, kuna viduara viwili vinavyokutazama. Ni vijiti vifupi vya mfupa vinavyounga kiwiliwili na tao la nyuma. Kwa kuwa vinaonekana kwa ncha, vinaonekana kama macho. Wataalamu wa picha huvifananisha na macho ya bundi, na jicho moja likitoweka hushtuka, kwa sababu saratani iliyosambaa mifupani hupenda kuanza kula hapo. Kati ya macho hayo mawili unapita mfereji wenye neva za miguu, kibofu na choo. Umbali kati yao kiunoni ni zaidi kidogo ya sentimita mbili, na kwa kawaida huongezeka polepole kuelekea pingili ya tano.

Umbali huo ndio ulioanza kupimwa kwa utaratibu. Mwaka 1934, mjini New York, Charles Elsberg, aliyekuwa mpasuaji wa uti wa mgongo, na Cornelius Dyke, mtaalamu wa eksirei, walichapisha vipimo vyao vya umbali kati ya vijiti hivyo. Walikuwa wakitafuta uvimbe. Uvimbe unaokua taratibu ndani ya mfereji husukuma mfupa, na macho ya bundi huachana. Lakini ili useme yameachana, sharti ujue kwa mtu mzima asiye na ugonjwa yanakaa umbali gani. Kwa hiyo kabla ya kumpima mgonjwa walilazimika kuwapima wasio wagonjwa. Hatua hiyo kwangu ndiyo kiini cha habari yote. Mwaka 1966 Vernon Hinck na wenzake, Marekani pia, wakatoa vipimo vipya vya watoto na watu wazima, na kwa miaka mingi majedwali yao yakawa ndiyo yanayofunguliwa vitabuni.

Uholanzi nako kulikuwa na mtu aliyegeuza swali. Henk Verbiest, mpasuaji wa Utrecht, aliandika mwaka 1954 kuhusu watu wasio na uvimbe wowote ambao mfereji wao ulikuwa mwembamba tu. Wakitembea hatua mia kadhaa, miguu hufa ganzi na kuwa mizito. Wakikaa au wakiinama mbele, hupata nafuu. Ni maumivu yanayomdanganya anayetazama, kwa kuwa mtu wa namna hiyo anaweza kuendesha baiskeli maili nyingi, amejiinamia juu ya usukani, lakini hawezi kutembea kutoka stesheni hadi sokoni. Ukiwa Ifakara usimwambie mtu kama huyo kwamba anajisingizia. Mwulize kwanza anajisikiaje akiwa juu ya baiskeli.

Sasa turudi kwa swali la mifupa ya akina nani. Majedwali ya kwanza yalitokana na watu waliofika hospitali za New York na majimbo mengine ya Marekani, na za Ulaya. Hakuna ubaya katika hilo. Kila mtu huanza kupima kwa aliye mbele yake. Ubaya huja jedwali linaposafiri na jina la mahali lilikotoka likabaki nyuma, likafika kitandani kwa mpagazi wa Kilombero likiitwa kipimo cha binadamu. Mwaka 1977 Stephen Eisenstein, akifanya kazi Afrika Kusini, alichapisha vipimo vya pingili za kiuno za mifupa 443 ya watu wazima, Waafrika na wenye asili ya Ulaya, akaona kwamba mifereji ya Waafrika hao kwa wastani ilikuwa midogo kidogo. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini katika mfereji wa milimita kumi na tano hata tofauti ndogo si kitu cha kupuuza. Mwaka 1982 Harold Amonoo-Kuofi akachapisha vipimo vya eksirei vya Wanigeria wazima wasio na ugonjwa wa mgongo, umbali wa juu na wa chini kati ya vijiti katika kila pingili. Daktari wa Nigeria sasa alikuwa na jedwali lenye watu wake ndani.

Tanganyika ilikuwa imetangulia kwa njia yake, kabla ya hao wawili, na sifa yake haisemwi inavyostahili. Mwaka 1964 Paul Grech, mtaalamu wa eksirei, na Michael Latham, daktari wa lishe, walichapisha utafiti wao kuhusu madini ya floraidi katika mkoa wa kaskazini. Latham alikuwa mzaliwa wa Kilosa, mwaka 1928, katika mkoa wa Morogoro, huu huu wenye bonde la Kilombero. Kule kaskazini, miguuni mwa mlima Meru, kuna mto unaoitwa Maji ya Chai kwa rangi yake, na maji ya eneo lile yana floraidi mara nyingi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kuwa kikomo. Meno ya watu kule yalikuwa ya kahawia, na hilo kila mtu alilijua. Grech na Latham walikwenda ndani zaidi ya meno. Walipiga picha mifupa. Floraidi ikimwingia mtu miaka mingi, pingili hunenepa na kuwa nyeupe pe kwenye filamu kama chaki, kingo zake huota miiba, na kano zinazoziunga hugeuka mfupa, hadi mgongo unakuwa fimbo moja isiyopinda. Mwaka 1966 Grech akafuata na uchunguzi wa vijana.

Fikiria walichohitaji ili waseme mgongo fulani wa huko Meru umeharibika. Walihitaji mgongo wa Mtanganyika ambao haukuharibika, na macho yaliyouzoea. Ugonjwa hauonekani peke yake. Unaonekana pembeni ya uzima. Ndivyo ilivyo hata kwa seli mundu, ugonjwa wa damu ulioenea kwenye nchi za malaria kama Kilombero. Damu ikiziba katikati ya pingili, mfupa hukosa chakula, ukashindwa kukua hapo, na juu na chini ya pingili hubaki bonde dogo lenye kingo kali, hata inafanana na herufi H iliyolazwa. Asiyejua umbo la kawaida ataona bonde kila mahali, au hataliona popote.

Bonde la Kilombero lenyewe limepimwa kuliko mabonde mengi ya Afrika. Wakapuchini wa Uswisi waliingia nchini mwaka 1921, na Ifakara ikawa na hospitali ya misheni ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Daktari Karl Schöpf alikuwa akitibu hapo mwaka 1949, Rudolf Geigy wa Taasisi ya Tropiki ya Basel alipofika. Mwaka 1957 maabara ikajengwa, na ile mbegu leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mbu wa bonde hili wamehesabiwa kwa aina na kwa saa wanazouma. Watoto wa Idete walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66 miaka ya 1990. Tangu katikati ya miaka hiyo, katika vijiji vilivyochaguliwa, wadodosaji wamekwenda nyumba hadi nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Ni kazi iliyookoa maisha ndani na nje ya bonde. Malaria ilistahili kutangulia, maana ilikuwa ikiua watoto. Kiuno hakiui. Kinamnyima mtu shamba lake polepole, na msiba wa namna hiyo hauliliwi.

Niseme sasa kuhusu rula, kwa sababu watu wengi hudhani ukishapata picha umeshapata kipimo. Sivyo. Picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hukua. Shika mkono wako kati ya kibatari na ukuta: ukiusogeza karibu na kibatari, kivuli chake kinakuwa kama cha jitu. Bomba la eksirei ndilo kibatari, filamu ndiyo ukuta, na mfupa uko kati.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme bomba liko sentimita 100 juu ya filamu. Mgonjwa amelala chali, na kati ya filamu na pingili zake kuna ubao wa meza, ngozi na misuli, jumla sentimita 15. Gawa 100 kwa 85, utapata karibu 1.18. Pingili yenye upana wa milimita 45 itasoma 53 kwenye filamu. Mgeuze mtu huyo alale kwa ubavu ili uone kimo cha pingili. Sasa mfupa umeinuka, kwa kuwa nusu ya upana wa mwili wake iko chini yake. Tuseme uko sentimita 23 kutoka kwenye filamu. Gawa 100 kwa 77: 1.3. Pingili yenye kimo cha milimita 27 itasoma 35. Na kama ni mama mwenye nyonga pana, itasoma zaidi. Kwa hiyo wanawake wawili wenye mifupa sawasawa, mmoja mwembamba na mmoja mnene, watatoka na milimita tofauti, na tofauti hiyo ni ya nyama, haimo mfupani.

Ndiyo maana mashine iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa hospitali ndogo, kuanzia miaka ya 1980, ilifungwa bomba na filamu kwenye mkono mmoja wa chuma, umbali wa sentimita 140 usiobadilika. Ukirudia hesabu ile ya kwanza kwa 140, kivuli kinakua kwa 1.12 tu, na kinakua vilevile leo na mwakani, kwa mpigapicha huyu na kwa atakayempokea zamu. Kipimo kinachoweza kurudiwa ni nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ni mkono wa mpigapicha. Chumba kina ubaridi wa kuta nene. Mgonjwa anavua mkanda, funguo, na hirizi kama anayo, maana chuma na risasi huacha madoa meupe. Analala, magoti yanakunjwa ili kiuno kishuke na kuugusa ubao. Kiuno kikibaki na upinde, pingili zinaonekana zimelala upande na kimo chake kinapotea. Mpigapicha anapapasa mfupa wa nyonga kwa vidole, kwa kuwa usawa wa nyonga ndio usawa wa pingili ya nne, anaweka alama ya risasi ya kulia au kushoto, anarudi nyuma ya ukuta wake. "Vuta pumzi, baba. Toa. Ishike hapo hapo, usipumue." Mlio mfupi. "Pumua." Zamani filamu iliingizwa chumba cha giza, ikazamishwa kwenye dawa ya kuotesha picha chini ya taa nyekundu, ikasuuzwa, ikazamishwa kwenye dawa ya kuikaza, ikaanikwa kama kitenge. Siku hizi kwingine picha inajitokeza kwenye kompyuta na milimita zinahesabiwa kwa kubofya. Lakini kompyuta nayo inasoma kivuli, na asiyeiambia umbali atapewa uongo wenye nukta za desimali.

Kuna ulinzi mmoja dhidi ya kivuli, na waliougundua walistahili shukrani: acha milimita, tumia uwiano. R. A. C. Jones na J. L. Thomson, mwaka 1968, walizidisha upana wa mfereji kwa kina chake, wakazidisha upana wa kiwiliwili kwa kina chake, wakalinganisha majibu mawili. Vyote vimo kwenye pingili moja, vimekuzwa pamoja, kwa hiyo ukuzaji unajifuta. Vivyo hivyo kwa pingili iliyovunjika kwa kubonyea. Harry Genant na wenzake, mwaka 1993, waliweka ngazi: kimo kikipungua kwa asilimia 20 hadi 25 ni ngazi ya kwanza, 25 hadi 40 ya pili, zaidi ya 40 ya tatu. Kupungua kutoka wapi? Kutoka kimo cha nyuma cha pingili hiyo hiyo, au cha jirani zake wa juu na chini.

Hata kuhesabu pingili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1984, Nariokotome, magharibi mwa ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu juu ya changarawe, na chini yake wakafukua mifupa ya kijana aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita. Wataalamu walimhesabia pingili sita za kiuno, na vitabu vikaandika sita. Mwaka 2011 mifupa ilipopangwa upya, wakapata tano. Katika watu walio hai wapo wachache wenye nne na wachache wenye sita, kwa kuwa ya mwisho imeungana na nyonga au ya juu ya nyonga imejitenga. Usipohesabu kuanzia ubavu wa mwisho utaipima ya nne ukidhani ni ya tano, na mpasuaji atafungua mahali pasipo pake.

Basi kwa nini tusiwapange watu mia tatu wa Uchindile, wazima, wake kwa waume, tukawapiga picha, tukapata jedwali letu? Kwa sababu picha ya kiuno ina gharama ndani ya mwili. Inampa mtu mionzi ya kama millisievati moja hadi moja na nusu, mara nyingi zaidi ya picha ya kifua, na hupita karibu na mfuko wa uzazi. Tanzania ina sheria ya kinga ya mionzi tangu 1983, na leo Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo inayosimamia mashine hizi. Kumwingiza mtu mzima kwenye mionzi ili tu tumjue hakukubaliki, na nasimama na wanaokataa. Njia ya haki ni nyingine: kurudi kwenye picha zilizokwisha kupigwa kwa sababu halali, za mtu aliyeshukiwa ana jiwe la figo au aliyeanguka mnazini, mfupa ukakutwa mzima. Picha hizo zipo katika kila hospitali. Zinahitaji mtu mwenye subira, umbali wa bomba ulioandikwa, umri, jinsia na kimo cha mgonjwa, na watu wawili wanaopima kila mmoja peke yake bila kuona majibu ya mwenzake.

Turudi kwa yule mtu wa mpandoni. Picha yake ya ubavu iko kwenye taa. Daktari kijana anaweka rula kwenye pingili ya kwanza ya kiuno: mbele inasoma 32, nyuma 35. Imepungua mbele. Anataka kuandika kwamba pingili imebonyea kwa mzigo, na maneno hayo yakishaandikwa mtu huyu hatashika gogo tena, wala mwenye shamba la miti hatamwajiri. Lakini pingili ya kwanza ya kiuno, kwa watu wazima wasio na ugonjwa, huwa fupi kidogo mbele kuliko nyuma, kama ile ya tano inavyokuwa ndefu mbele na fupi nyuma. Ndivyo kiuno kinavyopata upinde wake. Tatu kwa thelathini na tano ni chini ya asilimia tisa. Daktari anashusha rula kwenye pingili ya pili, kisha ya tatu, anaandika namba mbili mbili kwenye karatasi, anapandisha rula hadi pingili ya mwisho ya kifua na kuipima nayo. Kisha anarudi ya kwanza na kuipima upya, safari hii akianzia nyuma.